Mia Nne Kumi na Saba

Vijana wangu, siku ile mliponiaga mlitaka niseme maneno machache, nikasema asanteni, nikakaa. Mkadhani nimezidiwa na machozi. Sikuzidiwa na chochote, pilau ilikuwa inapoa. Sasa hii ni wiki ya tatu niko nyumbani Majengo, na mke wangu amechoka kuniona nikikagua baiskeli za watoto wa jirani. Amenipa daftari la shule na kalamu, akasema, "Baba Zuhura, kaandike huko uani." Basi naandika.

Vyeo sitavitaja. Vyote nilivyopata ukivikusanya havijazi kifuniko cha valvu. Mshahara pia siutaji, kwa sababu nyinyi bado mnaamka alfajiri na si vizuri kumvunja moyo mtu anayeamka alfajiri. Nitawaambia habari za matairi, na za mzee mmoja ambaye jina lake halikutajwa kwenye sherehe yenu. Si kosa lenu, hamkumjua.

Nilianza Gikomba, kando ya maseremala, nikiziba pancha za mikokoteni. Mkokoteni huvaa tairi la gari, na mwenye mkokoteni hupakia mpaka yeye mwenyewe haonekani, halafu likipasuka anakuja kumgombeza fundi. Hapo nilijifunza kwamba tairi halina mdomo, kwa hiyo lawama zote ni za aliyelishika mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikasikia kwamba Baba Dogo kumefunguliwa karakana yenye kompresa ya umeme. Nikaenda kuomba kazi. Kompresa ilikuwepo kweli. Umeme ndio ulikuwa haujafika.

Mwenye karakana tulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye viti: kamati ya shule, kamati ya mazishi, kamati ya usalama, na nadhani palikuwa na kamati ya kutafuta kamati. Siku yangu ya kwanza alinipa ndoo ya rangi nyeusi na brashi, akanionyesha rundo la matairi makuukuu.

"Hamisi, haya ni mapya," akasema. "Ila bado yenyewe hayajajua."

Nikapaka siku nzima. Ilipofika jioni mikono yangu ilikuwa inang'aa kuliko matairi, na rangi ilichukua juma zima kutoka.

Ukutani pale palikuwa na tundu, na tundu lilizibwa kwa karatasi kubwa ya kiwanda fulani cha ng'ambo, chati ya namba za matairi. Haikubandikwa ili isomwe, ilibandikwa kuzuia vumbi. Mimi sikuwa na gazeti, kwa hiyo wakati wa chakula nilisoma chati. Baada ya miezi miwili nilikuwa naijua kama Yasini. Niwaeleze tena, maana yuko mmoja wenu, simtaji, ambaye mpaka leo anachagua tairi kwa kulipiga teke. Ubavuni, baada ya ukubwa wa tairi, kuna namba na herufi. Namba ni mzigo. Lakini si kilo zenyewe, lazima uende kwenye chati. Tisini maana yake tairi hilo moja linabeba kilo mia sita, basi, tena likiwa zima na limejaa upepo wake. Mia moja na mbili ni kilo mia nane hamsini. Herufi nayo ni mwendo. S ni kilomita mia moja na themanini kwa saa, H ni mia mbili na kumi, V ni mia mbili na arobaini. Tairi laweza kuwa na mbio za swala na mgongo wa swala vilevile. Mambo haya mawili msiyachanganye.

Wateja waliyachanganya kila siku ya Mungu. Walipenda herufi kubwa kubwa. Bwana mmoja wa Buruburu, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, aliingia karakana na gari lililosukumwa na watu wanne. Akataka V.

"Bwana, V ni mia mbili na arobaini kwa saa," nikamwambia.

Akanikazia macho. "Kwani nimekuambia mimi ni mtu wa kuchelewa?"

Tukalivalisha V. Wale wanne wakalisukuma kutoka.

Miezi michache baada ya mimi kuingia, Mwenyekiti alimleta Mzee Nzioki. Alikuwa Mkamba, mchongaji wa vinyago tangu utoto wake. Alikuwa amekaa miaka na miaka na kikundi cha wachongaji pale Gikomba, akichonga twiga na ndovu wa kuuziwa watalii, mpaka vumbi la mbao likamwingia kifuani na daktari akamwambia aachane na kazi hiyo. Mwenyekiti akasikia kuna mzee mwenye mkono mwepesi hana kazi. Akamleta achonge meno.

Nyinyi hamkuyaona hayo, na alhamdulillahi. Tairi likiisha meno likawa kipara, mtu alichukua kisu kilichopindwa ncha, akakitia kwenye jiko la makaa mpaka kikawa chekundu, akakata mifereji mipya kwenye mpira uliobaki. Tairi linarudi lina meno, mteja anafurahi. Kwamba mpira haukuongezeka hata kidogo, ila umezidi kupungua, hilo halikuzungumzwa mbele ya wateja.

Kila ninachojua kwa mkono nilikipata kwa mzee huyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka sabuni kwanza na kutia mtaimbo baadaye. Alinifundisha kutafuta hewa inayovuja kwa shavu badala ya sikio, unainama karibu na valvu mpaka ngozi isikie ubaridi. Nilipokuwa navutana na tairi la lori natoka jasho, alikuwa akija akanigusa bega. "Hamisi, acha ugomvi. Likikukatalia, jua umeshika upande mbaya." Analigeuza, linaingia. Wallahi lilikuwa linaniudhi jambo hilo.

Kusoma hakujua, na hakuona haya kulisema. Lakini kulikuwa na namba moja aliyoijua kuiandika, nayo ilikuwa yake mwenyewe: 417. Kule kwa wachongaji kila mtu alikuwa na namba, na kila kinyago kikiisha, mwenyewe alikigeuza akachonga namba yake chini ya miguu, ili kijulikane ni cha nani. "Kitu kisicho na namba ni cha mwizi," alikuwa akisema. Basi alipomaliza kuchonga meno ya tairi lake la kwanza, akalilaza, akalipangusa ubavu, akatafuta mahali palipo wazi kando ya ile namba na herufi za kiwanda. Akatoa mfukoni patasi ndogo aliyokuja nayo, akachonga pale: 417. Kina cha ukucha tu. Tena aliiga mwandiko wa kiwanda, urefu uleule, mshazari uleule.

"Isiaibishe kazi ya mwenzangu," akaniambia. Mwenzake alikuwa kiwanda.

Niliiona. Nikacheka, nikaenda kunywa chai. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, vijana, kwenye kikombe cha chai.

Siku chache baadaye akaja Bwana Kilonzo. Huyu alikuwa karani katika kiwanda kimoja cha hapo Baba Dogo, na huko Dandora alikuwa katibu wa kwaya ya kanisa lao. Mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, anayesoma hata maandishi ya kiberiti. Alitaka matairi manne na spea kwa ajili ya van ya kwaya. Alisikia mahali fulani kwamba namba ya ubavuni ndiyo mzigo, na mtu aliyesikia nusu ya jambo ni hatari kuliko asiyesikia kabisa. Akainama. Akasoma. Akaenda kwenye chati, akashusha kidole mpaka mwisho. Chati ilikuwa imechanika kwenye mia moja na ishirini na kitu. Akarudi polepole, kama mtu aliyeona jini.

"Mwenyekiti, hii imepita chati!"

Mwenyekiti alikuwa anaiona 417 kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Hakupepesa jicho. "Chati ni ya zamani, Bwana Katibu. Hii teknolojia ni mpya."

"Na hii tisini hapa kando?"

"Hiyo ni ya kiwanda. Wazungu ni watu waoga." Akanigeukia. "Si ndiyo, Hamisi?"

"Ndiyo, Mwenyekiti," nikasema.

Kilonzo alipoondoka, Mwenyekiti alikuja akanisogelea, akaniambia, "Biashara ni imani." Tangu siku hiyo matairi yenye namba ya mzee yaliwekwa mbele, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa. Mwenyekiti mwenyewe gari lake halikuwahi kuvaa hata moja.

Habari ilienea mitaani upesi. Mwenye kubeba mikate alitaka 417, mwenye kubeba maji alitaka 417. Kijana mmoja aliyekuwa akikusanya vyuma chakavu kule jalalani Dandora alikuja na pikapu yake, akasimama nje anapiga honi.

"Niaje, buda. Nataka zile za fo-wan-seveni. Hizo zingine peana kwa masista."

Tukamvalisha. Baada ya wiki mbili akarudi, tairi la nyuma limepasuka ubavu mzima. Alikuwa amepakia injini tatu za lori na lango la chuma. Nikajua leo siri imetoka.

"Manze, hiyo shimo ilikuwa kali," akasema. "Kama si fo-wan-seveni ningekufa. Niwekee ingine."

Nilirudi nyuma ya stoo nikacheka mpaka nikashika ukuta. Jioni nikawasimulia jirani zangu, nao wakacheka. Ilikuwa hadithi yangu nzuri kuliko zote. Nilikuwa mtu pekee katika Baba Dogo nzima anayejua namba ile ni ya nani na namba ya kweli ni ipi, na nilikaa na elimu hiyo kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni.

Mzee Nzioki hakujua lolote. Aliona tu kwamba matairi yake yanapendwa. Alidhani wanapenda mkono wake, kama wale watalii wa zamani. Akazidi kuyapamba. Kila moja alilimaliza kwa utulivu, akachonga namba, akaipuliza vumbi, akaitazama kidogo kabla ya kuliachia. Siku hizo alikuwa anaimba akifanya kazi. Nami nilimsikia akiimba, nikanyamaza.

Kwaya ikaalikwa Kitui kwenye ufunguzi wa kanisa jipya. Van yao ilitengenezwa kubeba watu kumi na wanne. Kamati ikakaa, na Bwana Kilonzo akaandika azimio, ambalo baadaye niliona kwa macho yangu likiwa limepigwa taipu: kwa kuwa matairi yana uwezo wa mia nne kumi na saba, van itabeba waimbaji ishirini na sita, mifuko kumi ya saruji kwa ajili ya kanisa, ngoma, na keki. Keki ilikuwa na mstari wake peke yake.

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, Mzee Nzioki alinifuata nikiwa nakunja vifaa. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Hamisi, wewe umesoma," akasema. "Watu wanasema namba yangu inabeba. Mama Mumbua ananiambia kanisani wameipigia makofi. Inabeba nini?"

Ningeweza kumtania. Ulimi ulikuwa tayari.

"Nakuuliza kwa sababu kesho yeye na Mumbua wamo ndani ya hiyo van," akasema.

Mumbua alikuwa binti yake wa mwisho, miaka kumi na minne, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya ile. Nikamshika mzee mkono nikampeleka kwenye chati. Nikamwonyesha tisini, nikamsomea: kilo mia sita. Mara nne, elfu mbili na mia nne. Van tupu yenyewe ni kama tani moja na nusu. Inabaki mia tisa, na hao watu ishirini na sita pamoja na saruji ni zaidi ya mara mbili yake. "Na hiyo ni hesabu ya tairi jipya, mzee. Yale mimi na wewe tunayajua."

Alikaa juu ya rimu. Nikasikia kifua chake kikipiga filimbi ya lile vumbi la mbao.

"Kwa hiyo wamepakia watu juu ya namba yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu lile la kwanza."

"Mbona ulinyamaza?"

Ningeweza kusema niliogopa kufukuzwa, na ingekuwa nusu ya kweli. "Ilinichekesha, mzee," nikamwambia.

Hakunitukana. Laiti angenitukana, ningepumua. Alivaa kofia yake, akasema, "Kesho utakuja uwaambie. Wewe ndiye unayesoma." Nikamwahidi nitakuja, na kiapo nikaapa.

Asubuhi nikafika Dandora, uwanja wa kanisa. Van ilikuwa imekwisha kupakiwa, imeinama nyuma mpaka bomba la moshi linakaribia kugusa ardhi. Mifuko ya saruji ilikuwa imepangwa chini ya viti, akina mama wamevaa sare za bluu, wamekaa wanne wanne. Mumbua alikuwa dirishani, mama yake kando yake amempakata mtoto wa mtu na keki. Wote wanaimba. Mwenyekiti naye alikuwepo, mgeni wa heshima, ameletwa kukata utepe uliofungwa mbele ya van.

Mzee Nzioki akamwendea Bwana Kilonzo. "Bwana Katibu, watu washuke. Hiyo namba si ya mzigo. Ni yangu. Mimi ndiye mia nne kumi na saba."

Kilonzo akatabasamu kwa upole, kama anavyotabasamu karani. "Baba Mumbua, hii ni namba ya kiwanda. Tazama ilivyo nyooka."

"Nimeinyoosha mimi."

Watu wakacheka, bila ubaya. Mzee akageuka akanitafuta. "Muulizeni Hamisi. Hamisi anasoma."

Wote wakanitazama. Mwenyekiti akaja akaniwekea mkono begani, mkono mzito wenye saa. "Hamisi ni mtu wangu," akasema. "Haya, Hamisi, waelimishe."

Vijana, nimewahi kulala chini ya lori lililosimama juu ya jeki mbovu, sikuwaza lolote. Siku hiyo niliwaza. Nikawaza kodi ya nyumba, nikawaza Zuhura na karo yake. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Chati... imechanika pale mwisho."

"Umesikia, mzee wetu," akasema Kilonzo.

Mzee Nzioki aliniangalia mara moja tu, halafu hakuniangalia tena. Akaomba apewe spea. Akailaza chini, akapiga magoti, akatoa patasi yake. Kwaya ikanyamaza kuangalia. Mbele ya macho ya watu wote, kando ya 417 ya kwanza, akachonga 417 nyingine. Dakika tano hazikufika. Akaipuliza, akasimama. Huwezi kujua ipi ni ipi. Ilikuwa ushahidi ambao mtoto mchanga angeuelewa.

Bwana Kilonzo akainama, akatazama kwa muda mrefu. Akachomoa kalamu moja, akaandika kiganjani. Akainuka, uso unameremeta.

"Ndugu zangu," akasema, "hii sasa ni mia nane thelathini na nne!"

Vigelegele vikapigwa. Wallahi vilipigwa, mimi nilikuwepo. Mama mmoja akapaza sauti kutoka ndani, "Mzee, tuongezee na haya manne kabla hatujaondoka!" Mwenyekiti akapiga makofi. Mtu akasema tena kuna jirani yake ana mifuko miwili zaidi ya saruji, iletwe.

Mzee Nzioki akaitikia kwa kichwa, kama aliyekubali. Akaliendea gurudumu la mbele, akapiga magoti, akapapasa ubavu mpaka akaipata namba yake. Kwaya ikaanza wimbo. Akaweka ncha ya patasi kwenye ile moja ya katikati, akainua jiwe lililokuwa hapo chini, akapiga. Hewa ilitoka kwa kishindo kilichomvua kofia. Kabla watu hawajaelewa, alikwisha kuwa kwenye la nyuma. Akapiga. Van ikalala upande mmoja, watu wakapiga kelele, keki ikaanguka. Akazunguka. La tatu akalipiga, na hapo vijana wa kanisa wakamkamata, wakamwangusha, mmoja akamzaba kofi mzee wa umri ule. Patasi ikateleza mpaka mbele ya miguu yangu.

"Shukeni," alikuwa akisema pale chini, mdomo una vumbi. "Mumbua, shuka. Mama Mumbua, shukeni."

Wakashuka, kwa sababu hakuna aliyeweza kukaa. Mama Mumbua alikuwa analia kwa hasira, sare yake imejaa krimu ya keki. Alimwambia maneno mbele ya kanisa zima ambayo sitayaandika. Mimi niliinama nikaiokota patasi. Tairi la nne lilikuwa hatua mbili kutoka nilipo, nalo halijaguswa. Nikaitia patasi mfukoni. Hiyo ndiyo kazi yote niliyoifanya siku hiyo.

Mzee alifukuzwa kazi asubuhi hiyohiyo, palepale, na Mwenyekiti ambaye alikuwa bado ameshika mkasi wa utepe. Kanisani akasimamishwa. Kwaya ilikwenda Kitui Jumapili iliyofuata kwa lori la mchanga, ikafika salama, ikaimba, ikarudi, na hilo likawa ushahidi kamili kwamba mzee alikuwa na wazimu. Ajali isiyotokea haina shahidi.

Jumatatu van ililetwa karakana. Nikayavua yale matairi mimi mwenyewe. Nikatia kidole ndani ya mfereji mmoja wa meno, kikakutana na nyuzi. Lile moja ambalo mzee hakulifikia lilikuwa limevimba kwa ndani, nyuzi zimeachana, unaweza kuzihesabu. Lisingefika hata Machakos. Nikampelekea Mwenyekiti akaone. Akaona. Akasema, "Paka rangi."

Sikupaka. Nililikata vipande viwili, na jioni nikaenda Dandora na patasi ya mzee mfukoni. Mlango nilifunguliwa na Mumbua. Mama yake hakuitikia salamu yangu, na hakuwa na deni la kuitikia. Nikamrudishia mzee patasi, nikamwambia habari ya lile tairi la nne, nikamwomba radhi. Nililia, sitawaficha. Yeye hakulia. Alikuwa anakumbuka kazi zake zote, kama mchongaji anavyokumbuka.

"Nimechonga arobaini na sita," akasema. "Matatu nimeyamaliza, moja umelimaliza wewe, spea wanayo uwanjani pale, kaichukue. Yanabaki arobaini na moja. Hayo ni yako."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu halisi niliyoifanya miaka ile, na hamkuiona kwenye cheti mlichonipa. Kila siku ya mapumziko nilizunguka mitaani nikiinamia magari ya watu, Kariobangi, Umoja, Kayole, Buruburu, kama mwizi wa vifuniko. Nilipoona 417 niligonga mlango, nikaeleza. Wengi walinisikiliza mpaka mwisho, halafu wakaniuliza ninauza za aina gani. Mmoja aliniitia mbwa. Mmoja alikubali kubadilishiwa, lakini akaomba nimwachie ile namba, nimkatie kama kumbukumbu. Niliwapa matairi yenye namba ya kweli badala yake. Nilitoa wapi, msiniulize, stoo ya Mwenyekiti ilikuwa kubwa na yeye alikuwa mikutanoni. Moja nililikuta mkokotenini Gikomba. Moja nililikuta limepandwa sukuma wiki, nikamwachia mama mwenye nalo mboga zake baada ya kulitoboa. Kijana wa vyuma chakavu alikuwa wa mwisho kukubali, tena alikubali siku aliyopata mtoto. Hapo nikafikisha thelathini na tisa.

Mwenyekiti, kama mjuavyo, aliingia kwenye siasa, ambako hakuna chati kabisa. Karakana ikapata mwenyewe mwingine, mkaja nyinyi. Mkashangaa kwa nini gari haliingii hapo kabla sijalala chini kusoma mbavu zake zote. Mkaniita Daktari. Nilinyamaza, maana kueleza kungekuwa kirefu, na kwa sababu nilikuwa na haya.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Dandora. Mzee Nzioki sasa haoni vizuri, hukaa kibarazani kwa Mumbua, ambaye ameolewa na ana watoto wawili. Miaka yote hii nimekuwa nikimwendea kumpa hesabu, na yeye huuliza neno moja tu: ngapi? Safari hii nilivaa shati jipya. Nikamwambia, "Mzee, nimestaafu." Mumbua akatuletea chai, akanipongeza.

Mzee hakunipongeza. Alinyoosha mkono akanitafuta usoni, akaupitisha shavuni taratibu.

"Na yale mawili?" akauliza.

"Bado, mzee. Huenda ni spea kwenye buti la gari la mtu."

Akaurudisha mkono wake kwenye kikombe.

"Basi hujastaafu," akasema.